Nani amsamehe nani: kuchagua kati ya InuYasha, Fruits Basket na The Sandman

Jumapili alasiri, upepo wa ziwa unapoanza kuyapoza mawe ya Capri Point hapa Mwanza, huwa tunakaa watu saba au wanane na vitabu vyetu vya katuni. Vingine vimebanduka majalada kwa kuazimwa, vingine vimo kwenye simu. Mwezi uliopita binti wa shangazi yangu, anayesoma chuo Nyegezi, alituuliza swali lililotuchukua hadi magharibi. "Dada, nimechoka na katuni za kupigana tu. Nataka zenye mizimu na majini, lakini watu wapendane, wakoseane, kisha nione wanasameheanaje. Nianze na ipi?"

Kila mtu akataja yake. Wifi yangu akasema Fruits Basket, bila kusita. Kijana mmoja anayeuza dagaa soko la Mwaloni akaishikilia InuYasha kama mtu anavyoishikilia timu yake. Mimi nikataja The Sandman, na usiku ule nikiwa kitandani nikaanza kujiuliza kama nilimtendea haki kumtajia ile kabla ya nyingine.

Nimeandika haya kwa ajili yake na kwa yeyote aliyekwama pale alipokwama. Nazilinganisha hizo tatu tu, kwa sababu ndizo nilizozisoma hadi mwisho, nyingine mara mbili. Nitataja mambo ya mwishoni, maana msamaha huwezi kuupima ukiishia katikati ya safari. Asiyependa kujua mapema asome sehemu za "Mzigo wa kusoma" peke yake, kisha achague.

Vipimo

Nimetumia vipimo vinne. Cha kwanza ni jeraha: nani alimkosea nani, na kosa lilikuwa la makusudi au la kudanganywa? Cha pili ni radhi: anaiombaje aliyekosa, kwa maneno, kwa matendo, au haombi kabisa? Cha tatu ni kinyongo. Hiki nakipa uzito kuliko vyote. Hadithi inamtendeaje yule ambaye hajawa tayari kusamehe? Inamharakisha, inamwona mbaya, au inamwachia nafasi? Cha nne ni mzigo wa kusoma: urefu, umri wa msomaji, na mambo ya kumtahadharisha.

Kuhusu mizimu yenyewe, huku kwetu hakuna wa kufundishwa. Mtu aliyekua akisikia habari za jiwe linalocheza kule kisiwani Ukara, au aliyesimama Bujora wakati wa Bulabo, sherehe ya ngoma ya Wasukuma, akayatazama makundi mawili ya Wagika na Wagalu yakishindana kwa ngoma na dawa, haulizi mzimu umeingiaje kwenye mapenzi ya watu. Ila kuna jambo moja ambalo katuni hizi hulifanya vizuri kuliko riwaya nyingi: zinalipatia kosa mwili. Kosa linakuwa shimo kwenye kiganja, linakuwa mnyama anayekurukia ndani ya ngozi yako mwenyewe, linakuwa chumba kuzimu. Kwa hiyo msamaha nao unapaswa kuondoa kitu kinachoonekana kwa macho, na msomaji anajua mara moja kama umeondoa au umefunika tu.

InuYasha

Rumiko Takahashi wa Japani aliichora kuanzia 1996 hadi 2008, na ilijaza juzuu 56. Kagome, mwanafunzi wa Tokyo mwenye umri wa miaka 15, anavutwa ndani ya kisima cha nyumbani kwao na kuibukia Japani ya zama za vita, karne kadhaa nyuma. Huko anamkuta Inuyasha, nusu mtu nusu zimwi la mbwa, amepigiliwa kwenye mti kwa mshale kwa miaka 50. Aliyempiga mshale ni Kikyo, kuhani wa kike, na hao wawili walikuwa wapenzi.

Jeraha. Wapenzi hawa hawakukoseana. Naraku, zimwi lililotokana na jambazi aliyekuwa akimtamani Kikyo, alivaa sura ya Inuyasha akamjeruhi Kikyo, kisha akavaa sura ya Kikyo akamshambulia Inuyasha. Kila mmoja akaamini amesalitiwa. Kikyo akafa akiamini hivyo. Wahenga walisema moyo wa mwenzio ni msitu wa giza, na Naraku aliujua vyema msitu ule. Kisha mambo yanazidi kukunjamana: Kagome ndiye Kikyo aliyezaliwa upya, halafu Kikyo mwenyewe anarudishwa duniani kwa mifupa yake na udongo wa kaburi lake. Inuyasha anajikuta kati ya aliyempenda na anayempenda, na nafsi ni ileile.

Radhi. Inuyasha hajui kuomba radhi kwa mdomo. Usiku anatoroka kwenda kuonana na Kikyo, Kagome anaona, anarudi kwao kupitia kisima, analia. Anaporudi hamwambii achague. Anaomba tu akae karibu naye. Tuliposoma sura hiyo wifi alikiweka kitabu chini. "Huo si msamaha," akasema, "huo ni uvumilivu wa mwanamke, na tumeuchoka." Kwa sura hiyo nakubaliana naye. Lakini baadaye sana, Kikyo anapokuwa anakufa kwa sumu ya Naraku, ni Kagome anayepanda mlima Azusa kumtafutia upinde wa kumwokoa, na kule juu anajaribiwa kwa wivu wake mwenyewe. Hapo si mvumilivu tena. Ana uwezo wa kumwacha mke mwenza afe, anaujua uwezo huo, na anaukataa.

Wapo pia Sango na mdogo wake Kohaku, ambao kwangu ndio moyo wa mfululizo huu, ingawa si wapenzi. Kohaku, akiendeshwa na Naraku, aliwaua baba yao na wenzao. Sango anampenda, anaapa kumuua na kujiua, hawezi. Baadaye yeye mwenyewe anawaibia rafiki zake upanga ili amkomboe mdogo wake, na wanampokea tena. Anajifunza kusamehe baada ya kusamehewa.

Kinyongo. Kikyo aliyefufuka ana hasira halisi. Mara ya kwanza alitaka kumburuta Inuyasha waende wote kuzimu. Takahashi anamwacha na hasira yake kwa juzuu nyingi, wala hamfanyi zimwi kwa sababu hiyo. Anapokufa mara ya pili, mikononi mwa Inuyasha, msomaji anakuwa ameshaulilia muda wote waliopokonywa.

Mzigo wa kusoma. Ni ndefu. Katikati Naraku anaponyoka, anarudi, anaponyoka tena, na unaweza kuchoka. Mapigano yana damu lakini kijana wa sekondari anayamudu. Nisichokipenda ni Miroku, mtawa anayewapapasa wanawake na hadithi inafanya mzaha; kijana wa kiume akiisoma, mwambie wazi kwamba huo si mzaha. Kwa anayependa kutazama, ipo ya televisheni: vipindi 167 vya 2000 hadi 2004, na 26 vya kumalizia vya 2009 na 2010.

Inamfaa anayependa safari, mapigano na mapenzi yanayokwenda polepole. Inamfaa zaidi aliyewahi kumkasirikia mtu kwa jambo ambalo baadaye aligundua lilikuwa uongo wa mtu wa tatu.

Fruits Basket

Hii ni ya Natsuki Takaya, 1998 hadi 2006, juzuu 23. Tohru Honda ni yatima anayelala kwenye hema. Anachukuliwa na watu wa ukoo wa Sohma, ambao baadhi yao wana laana: kila mmoja amekaliwa na roho ya mnyama mmoja wa kalenda ya Kichina, na akikumbatiwa na mtu wa jinsia nyingine anageuka kuwa mnyama huyo. Yuki ni Panya. Kyo ni Paka, ambaye hayumo kabisa kati ya wale kumi na wawili kwa sababu katika ngano Panya alimdanganya akakosa karamu. Juu yao wote kuna Akito, mkuu wa ukoo, ambaye wao wamefungwa kwake kama wanadamu kwa mungu wao.

Mtu anaweza kuliona jambo la kugeuka mnyama ni la kitoto. Nami nilidhani hivyo. Kisha nikatambua maana yake: hawa ni watu wasioweza kukumbatiwa na wanaowapenda. Hakuna kitabu kingine kilichonionyesha kwa picha jinsi malezi mabaya yanavyomzuia mtu mzima kupendwa.

Jeraha. Hapa makosa ni ya kweli, si ya kudanganywa, na yamezaliana. Akito alimjeruhi Hatori jicho kwa sababu tu alikuja kuomba ruhusa ya kumwoa Kana. Kana akaugua kwa kujilaumu, na Hatori, ambaye ndiye daktari wa ukoo, akalazimika kuzifuta kumbukumbu za Kana, pamoja na ile ya kwamba walipendana. Akito alimsukuma Isuzu kutoka dirishani. Alimchoma kisu Kureno. Na Akito mwenyewe, tunakuja kujua, ni mwanamke aliyelelewa kama mwanamume na mama asiyemtaka. Shigure anampenda Akito. Akito akalala na Kureno. Shigure akalipiza kwa kulala na mama yake Akito. Nimesoma ukurasa ule mara nyingi na kila mara nakereka, maana nawajua watu waliolipiziana hivyo hivyo, bila laana yoyote.

Radhi. Kuna misamaha miwili mikubwa. Wa kwanza ni wa Kyo. Alikuwepo siku mama yake Tohru alipogongwa na gari. Angeweza kumvuta, lakini kumvuta kulimaanisha kumkumbatia na kugeuka paka mbele za watu, akasita. Akamsikia mama yule akisema hatamsamehe. Amebeba neno hilo miaka yote, na sasa anampenda binti. Anapomweleza Tohru ukweli, Tohru hasemi kwamba kosa halikuwa kosa. Anasema anampenda hata hivyo. Kyo anakimbia, kwa sababu kusamehewa kunatisha kuliko kulaumiwa. Baadaye sana tunajua mama alitaka kusema nini: kama kijana hatamlinda binti yake, hapo ndipo hatamsamehe. Nusu ya sentensi ilimtesa mtu miaka.

Wa pili ni wa Tohru na Akito. Akito anakuja na kisu mkononi, mvua ikinyesha. Tohru anamnyoshea mkono na kumwambia wawe marafiki. Ardhi iliyolowa inamomonyoka chini ya miguu ya Tohru, anaanguka gengeni, na Akito anakimbia kupiga kelele za kuomba msaada. Hilo ndilo tendo lake la kwanza la kumtakia mtu uhai.

Kinyongo. Hapa ndipo wifi anaposhinda mabishano yetu, na nampa haki yake. Isuzu hamsamehi Akito. Wengine wanaanza kulegea, Akito anajitokeza mbele yao akiwa amevaa mavazi ya kike, mambo yanaelekea kutengemaa, na Isuzu anabaki na lake. Takaya hamlazimishi, hamwoni ana moyo mgumu, wala hampi adhabu. Kwetu kikao cha ukoo kikishakaa na wazee wakishasema yaliyopita si ndwele, anayekataa kushika mkono ndiye anayegeuka mkosaji. Nimekaa vikao vya namna hiyo. Ningependa kila mzee anayeongoza usuluhishi angalau aione kurasa ile ya Isuzu.

Linalonisumbua ni Akito na Shigure. Wanaishia pamoja, na sikuwahi kushawishika kwamba Shigure alilipa alichodaiwa. Wifi anasema wawili wale wanafanana, waache. Labda.

Mzigo wa kusoma. Juzuu 23 zinasomeka haraka, za mwanzo ni nyepesi na zina vichekesho vingi. Uzito unaanza kuingia taratibu. Usimpe mtoto wa darasa la tano kwa sababu ya jalada lake zuri: kuna wazazi wanaowaumiza watoto, na kuna msichana anayekatwa nywele na kufungiwa chumbani. Kuanzia kidato cha pili au cha tatu, kukiwa na mtu mzima wa kuzungumza naye, ni sawa. Ukitaka kutazama, tafuta ile ya 2019 hadi 2021 inayofika mwisho wa hadithi. Ile ya 2001 inaishia njiani.

Inamfaa anayebeba mambo ya nyumbani kwao: wazazi, walezi, ukoo. Inamfaa pia anayejiona hastahili kupendwa kwa sababu ya jambo alilolifanya akiwa mdogo.

The Sandman

Hii ni ya Marekani, ilitolewa na DC kuanzia 1989 hadi 1996, matoleo 75, na wachoraji wengi walipokezana. Mhusika mkuu ni Ndoto mwenyewe, mtawala wa yote tunayoyaota, mmoja wa ndugu saba akiwemo dada yake Mauti.

Jeraha. Zamani za kale, Afrika, Nada alikuwa malkia wa mji wa vioo. Alimwona mgeni akampenda asimjue ni nani, na ndege mnana ndiye aliyemletea tunda la moto la kumwezesha kumpata. Huku ziwani minana wanasuka viota kwenye matete kila upande, kwa hiyo niliipokea hadithi hii kama ya kwetu. Alipojua kwamba mgeni ni Ndoto, akajua pia kwamba mwanadamu haruhusiwi kumpenda wa jamii ile. Akakimbia, Ndoto akamfuata. Wakalala pamoja usiku mmoja, na jua lilipochomoza likaona, mji wake ukaungua. Nada akajiua, na hata baada ya kufa akamkataa. Ndoto akamfungia kuzimu miaka elfu kumi kwa sababu alimwambia hapana.

Radhi. Mapema kabisa Ndoto anapita kuzimu na kumwona Nada kwenye chumba chake. Nada anamuuliza kama hampendi tena. Anajibu kwamba bado anampenda, ila hajamsamehe. Mnaona? Aliyekosa anadhani yeye ndiye mwenye msamaha wa kutoa. Nimewahi kukutana na mtu wa namna hiyo. Tulikuwa wachumba, alinikosea, na kila tulipozungumza nilijikuta mimi ndiye ninayeomba radhi. Ndiyo maana kitabu hiki kinanigusa kuliko viwili vile.

Inabidi Mauti, dada yake, amwambie usoni kwamba alimtendea Nada unyama. Anakasirika, kisha anarudi kuzimu kumtoa. Hatimaye anaposimama mbele yake, radhi yake inaanza kwa maneno makavu ya kifalme, na Nada anamzaba kofi. Baada ya kofi ndipo anaomba radhi kama mtu. Nada hamrudii. Anamwalika aache ufalme wafuatane, Ndoto anakataa, na Nada anachagua kuzaliwa upya: mtoto wa kiume, Hong Kong. Anaondoka na maisha mapya, si na mwanamume.

Yuko pia Calliope, aliyekuwa mkewe. Ndoto anamwokoa kutoka mikononi mwa mwandishi aliyemfungia, Calliope anamuuliza kama hamchukii tena, anasema hapana. Kisha kila mmoja anashika njia yake. Hawarudiani, hawachukiani.

Kinyongo. Mfululizo huu unamheshimu asiyerudi. Lakini Nada hapewi muda wa kutosha kurasani. Tunamwona zaidi kupitia aibu ya Ndoto kuliko kupitia miaka yake mwenyewe. Mwandishi alilijua hilo kwa sehemu: hadithi ya Nada anaisimulia babu kwa mjukuu wake wa kiume, kisha tunaambiwa kwamba wanawake wana simulizi yao ya kisa hichohicho, kwa lugha yao ambayo wanaume hawafundishwi. Simulizi hiyo haiandikwi. Tulipofika hapo, wanawake wanne tuliokuwa pale Capri Point tulianza kuisimulia wenyewe, na kijana wa Mwaloni akasikiliza mpaka mwisho.

Mzigo wa kusoma. Ni ya watu wazima. Kuna ubakaji, kuna mauaji ya kutisha hasa mwanzoni, na Kiingereza chake ni kigumu kuliko cha zile mbili. Kwa upande mwingine huhitaji kusoma yote ili upate kisa cha Nada: soma juzuu ya kwanza, kisha sura yake iliyo mwanzo wa juzuu ya pili, kisha nenda ya nne. Wenye Netflix wanayo tamthilia yake, ya 2022 na 2025.

Inamfaa anayetaka kujua kama inawezekana kusamehe na kutorudi. Inamfaa pia aliyekosa na bado anajiona yeye ndiye aliyeumizwa, ingawa mtu wa namna hiyo itabidi umpe kitabu bila kumwambia kwa nini.

Kwa hali yako

Kama mlitenganishwa na maneno ya watu, na sasa kila mmoja ana maisha mengine, anza na InuYasha. Ukikosa subira na juzuu 56, fuata kisa cha Sango na Kohaku, ruka mapigano ya katikati. Rafiki yangu alifanya hivyo na hakupotea.

Kama jeraha lako liko nyumbani, au unaombwa usamehe kabla hujawa tayari, chukua Fruits Basket. Usiishie juzuu za mwanzo ukadhani ni za watoto.

Kama umeshaamua hutarudi ila hutaki kubaki na chuki, na una umri wa kutosha, soma The Sandman kwa njia niliyoitaja. Ikiwa uliwahi kunyanyaswa kimwili, iache kwanza sura ya Calliope, au isome mchana ukiwa na mtu.

Kama mnasoma wawili, wapenzi au wanandoa, Fruits Basket ndiyo inayoleta mazungumzo bila kuleta ugomvi. InuYasha kwa wawili ina hatari yake, hasa ikiwa mmoja wenu ana mpenzi wa zamani anayepiga simu.

Na kwa wale wawili kati yetu wanaochora katuni yao wenyewe, yenye mzimu wa ziwani na binti wa Ukerewe: someni zote tatu mkitazama jambo moja tu, yaani kosa limepewa mwili gani. Hadi sasa mzimu wenu anaomba radhi vizuri lakini sijaona anachokiondoa.

Binti wa shangazi ameichukua Fruits Basket, juzuu nne za kwanza. Juzuu ya nne ya The Sandman iko kwangu, nimeifunga kwa gazeti, na nimemwambia atakapoitaka aje tu nyumbani Kirumba, tuisome pamoja.